Kumtambua Mgeni wa Migungani

Kati ya Oktoba na Aprili, simama chini ya mgunga wenye majani mabichi, iwe Nakuru au Iringa, utazame juu. Ndege mwenye rangi ya kijani kilichofifia, asiyetulia, anayedona wadudu chini ya majani, huenda akawa Phylloscopus trochilus. Uzito wake ni kama gramu 10 tu, naye amesafiri kutoka Ulaya au Siberia.

Usianze na rangi, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Ndege huyu hubadilisha manyoya yote mara mbili kwa mwaka, huko anakozaliana na tena huku Afrika, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wadogo. Wachanga wa mwaka huo huja na umanjano mwingi kifuani na tumboni, hata ukadhani ni aina nyingine kabisa.

Anza na miguu. Kwa kawaida ni ya kahawia nyepesi. Ukiiona myeusi, na mkia unachezachezwa kwenda chini kila mara, mfikirie ndugu yake P. collybita, ingawa huyo ni adimu kwetu. Kisha subiri atue akikuonyesha ubavu. Ncha za mbawa za trochilus ni ndefu, zimechomoza wazi juu ya mkia. Za collybita ni fupi. Halafu sikiliza: "hu-iit", silabi mbili, sauti ikipanda. Kuanzia Machi huimba pia, wimbo unaoshuka taratibu hadi unafifia.

Nususpishi zake ni tatu. Trochilus (jina lilelile la spishi) wa Ulaya Magharibi wengi wao huenda Afrika Magharibi. Wanaotufikia zaidi ni acredula, wa kaskazini na mashariki ya Ulaya, na yakutensis wa Siberia, mwenye ukijivu na weupe. Vifaa vidogo walivyofungwa yakutensis vimeonyesha safari za hadi kilomita 13,000, kutoka mashariki ya mbali ya Urusi hadi Afrika Mashariki. Lakini acredula waliopauka hufanana nao mno. Kwa darubini peke yake, andika jina la spishi uishie hapo. Nususpishi waachie wanaomshika ndege mkononi na kumpima, kama wafanyavyo Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969.

Ukitumia kitabu cha zamani, mtafute chini ya Sylviidae. Familia yake ya sasa, Phylloscopidae, ilitengwa 2006. Rekodi yako, pamoja na tarehe na mahali, itume Kenya Bird Map au Tanzania Bird Atlas. Tarehe ya mwisho uliyomwona Aprili ina thamani sawa na ile ya kwanza ya Oktoba, na watu wengi husahau kuiandika.