Magongo ya Kutembelea: Uzito Ubebwe na Viganja, Si Makwapa

Anayehitaji magongo huwa tayari ana mguu unaouma. Magongo yasiyomfaa yanaweza kumwongezea na mkono mgonjwa. Katika somo hili tunaeleza jinsi madhara hayo yanavyotokea na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyakagua kabla ya kulipia.

Magongo ya kwapani

Kosa kubwa ni kuyaegemea kwa makwapa. Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hupita hapo. Ikigandamizwa siku baada ya siku, vidole hufa ganzi, na kiganja huweza kulegea hata mtu akashindwa kukiinua. Wengi hufunga kitambaa kinene juu ya gongo wakidhani wamepata dawa. Kitambaa hupunguza michubuko ya ngozi, lakini gongo lililo refu kupita kiasi hubaki refu, na mishipa huendelea kubanwa.

Pima hivi: simama wima ukiwa umevaa viatu vyako vya kila siku, mabega yakiwa yametulia. Kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mshiko uwe usawa wa kifundo cha mkono ulioning’inia, ili ukiushika kiwiko kipinde kidogo. Magongo ya kuazima yapimwe upya vivyo hivyo, kwa kuwa yalirekebishwa kwa kimo cha mtu mwingine.

Magongo ya kiwiko

Haya hushika mkono chini kidogo ya kiwiko, wala hayagusi kwapa. Hata hivyo, uzito wote huangukia viganja na vifundo vya mikono. Mshiko mwembamba na mgumu huleta malengelenge, maumivu na ganzi. Tunashauri mshiko mpana unaojaza kiganja. Mwenye maumivu makali ya viungo vya mikono amuulize mtaalamu wa afya kuhusu magongo yenye bamba la kulazia kigasha, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo.

Kabla ya kulipia

Kagua mpira wa chini ya kila gongo: uwe mzima, umekaza, na mifereo yake ionekane. Mpira uliolika huteleza kwenye sakafu yenye maji. Gongo la mbao lisiwe na ufa. La chuma au alumini lisiwe limepinda. Skrubu na vitufe vya kurekebisha urefu visilegee. Omba kutembea nayo hatua chache hapo dukani, kisha dai risiti na uitunze.

Baada ya kununua, ganzi au udhaifu wa mkono usichukuliwe kuwa ni uchovu wa kuzoea. Acha kuegemea sehemu inayoumia na umwone mtaalamu wa afya mapema. Mishipa iliyobanwa kwa muda mfupi mara nyingi hupona, iliyopuuzwa huchelewa.