Reli za Vipimo Viwili

Njia ya reli ni vyuma viwili virefu vilivyolazwa juu ya mataruma. Nafasi iliyo kati ya vyuma hivyo huitwa upana wa reli. Magurudumu ya gari la moshi hufuata kipimo hicho hicho. Nafasi ikizidi, magurudumu huanguka ndani, ikipungua, hayaingii.

Hapo zamani watu wa Maniema walisafiri kwa mto Lualaba. Lakini penye maporomoko meli haziwezi kupita. Kwa hiyo kampuni ya reli ya Maziwa Makuu ilijenga reli za kuyapita maporomoko hayo: ya kwanza kutoka Kisangani mpaka Ubundu, mwaka 1906, ya pili kutoka Kindu mpaka Kongolo, mwaka 1910. Mwaka 1915 reli ya tatu, iliyoanzia Kabalo, ilifika Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Zote tatu zilikuwa na upana wa mita 1. Mwaka 1939 daraja la Kongolo liliunganisha ya pili na ya tatu.

Reli ya Katanga ilitoka kusini, katika nchi iitwayo leo Zambia. Upana wake ulikuwa milimeta 1,067, kama reli za huko kusini. Tofauti ilikuwa milimeta 67 tu, kadiri ya vidole vinne vya mtoto!

Watu walipotaka kuziunganisha, vidole hivyo vinne vilikuwa kizuizi kikubwa. Kama vipimo vingebaki viwili, kila gunia la mchele wa Maniema lingeshushwa njiani na kupakiwa tena katika gari jingine. Kazi ingekuwa nyingi, na mali ingeharibika.

Basi, mwaka 1955 reli ya Kindu mpaka Kalemie ilipanuliwa. Mwaka 1956 reli mpya ya Kamina mpaka Kabalo ilifunguliwa. Tangu hapo behewa liliweza kutoka Kindu mpaka Lubumbashi bila kubadilisha mzigo. Reli ya Ubundu, iliyo peke yake, ilibaki na mita 1.

Wajenzi wa kwanza hawakukosa akili. Kila mmoja aliitazama njia yake tu. Anayejenga leo amkumbuke jirani atakayekutana naye kesho.

Maswali
1. Kwa nini reli ya Kindu ilijengwa?
2. Chora chini mistari miwili yenye nafasi ya mita 1, kisha ongeza milimeta 67. Unaona nini?
3. Panuo la mwaka 1955 liliwafaa nini wenye mizigo?