Mkia Ukianza Kucheza: Vidokezo vya Kubadilisha Bushi za Nyuma Nyumbani

Ukiacha lami ya A1 pale Awendo au Rongo na kushika changarawe za Ndhiwa, Nyatike au Suba, kinachoumia kwanza kwenye gari mara nyingi ni kipande cha raba kinachoenea kiganjani. Mafundi wanakiita bushi. Kazi yake ni kushikilia ekseli ya nyuma kwenye bodi na kumeza mtikisiko. Magari tunayoyaita mapya nayo hayaji na raba changa: Kenya inaruhusu kuingizwa gari lenye umri wa hadi miaka 8, na wengi wetu hununua yaliyokaribia kikomo hicho kwa sababu ya bei. Likishushwa Mombasa, raba zake zina miaka 7. Lipe mwaka mmoja wa kubeba magunia ya omena kutoka Mbita, halafu sikiliza nyuma.

Kazi ya kubadilisha bushi inafanyika nyumbani, mradi uelewe jambo moja ambalo wengi huliruka: bushi ya raba haizunguki kwenye bolti yake. Hujipinda, kisha hurudi. Karibu kila kosa linalofanywa kwenye bushi linatokana na kusahau hilo.

1. Anza na buti. Toa jeki, spea tairi, kreti tupu za soda na ile spana iliyopotea tangu Krismasi. Endesha tena juu ya tuta linalokuletea mlio. Ukimya ukirudi, umeokoa pesa. Mlio ukibaki, ingia chini utikise bomba la ekzosi na raba zinazolining'iniza, kisha ushike bolti za shokomzoba, juu na chini. Milio ya nyuma ina tabia ya kumsingizia jirani.

2. Mkia nao husema. Bushi iliyokwisha hugonga "ko!" moja nzito ukishuka kwenye shimo au ukikanyaga breki ghafla. Kwenye kona, gari hukata kisha sekunde moja baadaye nyuma nayo inakata kivyake, kama vile kuna mtu mwingine huko anayeshika usukani. Tairi za nyuma huanza kulika upande mmoja. Ukiona hayo, tafuta chuma kirefu cha kubinulia, ukipenyeze kati ya mkono wa ekseli na bodi, usukume taratibu huku mwenzako akimulika tochi. Nyufa ndogo za juu juu si hukumu ya kifo, maana raba yoyote ya umri huo inazo. Hukumu ni raba iliyobanduka kwenye chuma, au pengo linalofunguka na kufunga kila unaposukuma.

3. Jua nyuma ya gari lako imejengwaje. Hapa usikubali kuambiwa, chungulia mwenyewe. Fielder na Vitz zinazovutwa na magurudumu ya mbele zina boriti moja inayounganisha magurudumu ya nyuma, na boriti hiyo imeshikwa kwenye bodi na bushi kubwa mbili tu, moja kila upande. Kazi ni ngumu kiasi, lakini ni ya mara mbili basi. Subaru Forester ina mikono kadhaa kila upande na bushi ndogo nyingi. Hapo panga siku mbili na subira ya mvuvi. Hiace ya matatu na Hilux hubebwa na springi za majani, na bushi zake za kwenye shakli huja vipande viwili vinavyosukumwa kwa mkono. Kama hujawahi kushika kazi hii na una gari la majani, una bahati: ni darasa la kwanza zuri. Ila usitoe pini kabla ya kuikalisha ekseli juu ya jeki, kwa sababu springi ya majani iliyobanwa ikiachiliwa ghafla huvunja mkono.

4. Nunua kwa nambari ya chesisi. Jina la gari halitoshi. Fielder ya kuvutwa na magurudumu yote manne inaweza kuwa na nyuma tofauti na ile ya mawili, na muuzaji mwenye haraka atakupa ya jirani. Piga picha bamba la nambari ya chesisi chini ya boneti, kisha uionyeshe dukani, iwe ni Migori mjini, Kisumu au kwa simu hadi Kirinyaga Road, Nairobi. Bushi mpya ikague: raba iwe imegandana na chuma pande zote, bila mapovu wala pengo.

Na zile za eksi-Japani? Shokomzoba ya mtumba naweza kuielewa. Raba ya mtumba siielewi. Raba huzeeka hata ikiwa imelala kwenye rafu, na unachonunua hapo ni uzee wa mtu mwingine. Kuna pia za poliurethani, ngumu na za kudumu, lakini nyingi hupitisha kila kokoto hadi kwenye meno. Gari la familia halizihitaji.

5. Uwanja kwanza. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao Homa Bay na Migori tunao wa kutosha, ni mzuri kwa kulimia pamba na mbaya kwa kunyanyulia magari. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, ukiuwekea jeki, jeki inazama na gari linabaki palepale. Tafuta sakafu ya saruji. Ukikosa, ardhi kavu iliyoshindiliwa na mbao pana nene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Anza asubuhi, kwa sababu mvua ya alasiri haiulizi kama umemaliza.

6. Pima kabla ya kuinua. Gari likiwa limesimama tambarare, bila mzigo, chukua futi ya fundi cherehani upime kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika kipimo cha kila upande kwenye mkanda wa karatasi, uubandike mlangoni. Kazi ya dakika moja; utaiona faida yake kwenye nambari 11. Legeza nati za magurudumu kidogo wakati huohuo, kabla tairi hazijaondoka chini.

7. Breki ya mkono haitakusaidia. Kwenye magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo utakayoyaning'iniza hewani. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, mbele na nyuma ya kila tairi. Inua, kalisha bodi juu ya stendi mbili za chuma kwenye sehemu zake za kuinulia, usikalishe kwenye boriti unayotaka kuishusha. Kisha lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa nje. Jeki ni ya kuinua tu, haimlindi mtu. Tofali la saruji ambalo watu hupenda kuliweka badala ya stendi hupasuka bila kutoa onyo. Gari lililoinuliwa ni jamaa anayeua, kwa hiyo sitanii naye.

8. Bolti zipake mafuta tangu jana. Kutu ya bolti za nyuma imechanganyika na tope la miaka. Kwa wanaobeba samaki, ongeza maji ya barafu yanayovuja kutoka kwenye makasha ya mbuta. Zisugue kwa brashi ya waya, uzipulizie mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia kazi, na tena asubuhi, ukiyaweka mbali na breki. Nati ikifunguka lakini bolti ikakataa kutoka, huenda imeshikana na bomba dogo la ndani ya bushi. Izungushe mbele na nyuma, gonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, usiharibu uzi wake. Ikigoma kabisa, hapo ndipo panapofaa kumwita fundi wa jua kali mwenye grainda, na hakuna aibu.

Kwenye boriti, legeza pande zote mbili lakini toa bolti ya upande mmoja baada ya mwingine. Fungua vibanio vya bomba la breki, waya wa breki ya mkono na nyaya za ABS kabla boriti haijashuka. Bomba la breki likivutwa na uzito wa boriti, umejitengenezea kazi nyingine ya hatari zaidi kuliko bushi.

9. Chora alama, kisha ndio utoe. Bushi nyingi za boriti si duara sawa ndani. Zina matundu mawili kwenye raba, na matundu hayo yana upande yanakotazama: upande mmoja raba ni laini ili gari lisitikise abiria, upande mwingine ni ngumu ili ekseli isiyumbe. Ukiiingiza imegeuka robo duara, bushi mpya itafanya kazi kama iliyochoka tangu siku ya kwanza. Chora mstari wa rangi kwenye chuma cha boriti mkabala na tundu, piga picha, na pima pia bushi imejitokeza kiasi gani kila upande.

Kuitoa, usiichome. Najua njia ya moto ni ya haraka na inapendwa, lakini kwenye magari haya tangi la petroli liko karibu na bushi hiyo, na moshi wa raba si wa kuvuta. Toboa raba kwa drili hadi kiini kitoke, kisha kata ganda la nje kutoka ndani kwa bledi ya msumeno wa chuma, mfereji mmoja au miwili, ukisimama pale ganda linapoisha. Ukilikata na tundu la boriti, umetia jeraha kwenye chuma kisichouzwa kwa bei ya bushi. Ganda lililokatwa hulegea na kutoka kwa patasi. Mikono ya Forester inafunguka na kubebeka, kwa hiyo ipeleke kwa boda boda hadi kwenye karakana yenye presi, urudi nayo jioni. Boriti nzima ingehitaji mkokoteni.

10. Baridi na sabuni. Safisha tundu hadi chuma king'ae. Bushi mpya ilale kwenye friza usiku kucha. Chuma hunywea kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuipa mwanzo mzuri. Kama friza ni ya mwenye samaki, bushi uifunge vizuri. Ivute kwa bolti ndefu yenye uzi mwingi: upande mmoja kipande cha bomba kipana kuliko bushi, upande mwingine bamba linalokaa juu ya ganda la nje tu. Ukisukuma kiini, utachana raba kabla haijasafiri hata kilomita moja. Kwa utelezi, maji ya sabuni. Usitumie grisi wala oili, kwa sababu raba ya asili hufura na kuoza ikinywa mafuta. Kwa sababu hiyohiyo, fundi akikwambia "boss, nitatia grisi tu inyamaze," mshukuru na uondoke. Itanyamaza, kwa muda.

Badilisha pande zote mbili hata kama moja bado inaonekana nzima. Imesafiri njia ileile.

11. Usikaze magurudumu yakining'inia. Bushi nyingi mpya hufia hapa, na mara nyingi lawama humwendea muuzaji. Ganda la nje limebanwa na boriti. Bomba la ndani, ukikaza bolti, linabanwa na bodi. Katikati kuna raba iliyogandana na vyote viwili. Ukikaza wakati gurudumu linaning'inia, hapo ndipo raba inapochukua kuwa mahali pake pa kupumzika. Ukilishusha gari, boriti inapanda, na raba inajipinda kama nguo inayokamuliwa, na kukaa hivyo usiku na mchana hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe. Halafu tuta la kwanza linaongeza pindo juu ya pindo. Kabla ya mvua nyingine, imechanika.

Dawa ni rahisi. Ingiza bolti, nati ikae kwa vidole tu. Weka jeki chini ya kikalio cha springi, ipandishe taratibu mpaka kipimo ulichobandika mlangoni kirudi kilekile, bodi ikiwa bado imetulia kwenye stendi. Fanya hivyo upande wa pili pia. Sasa ndio ukaze, kwa spana ya torki na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kama unafanya kazi na fundi, mwambie mapema: "Fundi, hizi usizikaze bado, tupandishe boriti kwanza." Ataona ni kupoteza muda. Mwache aone hivyo.

Rudisha vibanio vya breki, kaza magurudumu gari likiwa chini, endesha pole pole mtaani ukijaribu breki. Baada ya safari ya siku mbili tatu, ingia chini uangalie nati tena.

12. Alaimenti, na swali moja kwa mwenye mashine. Ipimwe, kwa sababu tairi zilizolika upande zitakudanganya kwamba tatizo bado lipo. Lakini kwenye gari la boriti, nyuma haina bolti ya kurekebishia pembe. Mashine ikionyesha nyuma imepinda, ama boriti iliwahi kugongwa, ama imefungwa ikiwa haijakaa sawa. Akikuandikia risiti ya kurekebisha magurudumu ya mbele, lipa. Akiongeza pesa za kurekebisha nyuma, muulize akuonyeshe kwa kidole ni bolti gani aliyoizungusha.