Siri, Faragha na Ridhaa: Msamiati wa Mjadala wa Kampuni Kubwa za Teknolojia

Mjadala kuhusu nguvu za kampuni kubwa za teknolojia umezoeleka kuachiwa wanasheria na wataalamu wa kompyuta. Makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili naye ana la kusema, kwa kuwa sehemu kubwa ya mjadala huo ni mvutano juu ya maana za maneno, na mwenye kukosea neno hapa huweza kupoteza haki.

Tuanze na hoja isikikayo mara nyingi, kwamba asiye na la kuficha hana la kuhofia. Hoja hii inachanganya siri na faragha. Siri ni jambo linalofichwa. Faragha, neno lenye asili ya Kiarabu ambako mzizi wake unahusu utupu na nafasi, ni mahali ambapo mtu amejitenga na macho ya wengine. Afungaye mlango wa bafu hana siri yoyote. Kila mtu anajua anachokifanya humo. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliifahamu tofauti hii vyema. Mgeni hupokewa dakani, na njia ya kuingilia hupindwa ili apitaye nje asione uani hata mlango ukiwa wazi. Naye apigaye hodi husubiri aitikiwe, asipoitikiwa, huondoka. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda haki hiyohiyo: mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, habari za familia yake zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe.

Swali gumu zaidi ni la ridhaa. Mnamo Julai 2023, mradi wa Worldcoin ulipozinduliwa, watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na kifaa cha mviringo mfano wa mpira. Aliyekubali alipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mwezi Mei 2025, katika kesi iliyowasilishwa na Katiba Institute, Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ya miili ifutwe kabisa katika muda wa siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba ridhaa ilipatikana kwa kishawishi.

Lakini je, waliopanga foleni hawakukubali? Walikubali, na hapo ndipo lugha inapotoa mwanga. Kukubali ni tendo la nje: kutikisa kichwa, kutia sahihi, kubofya kitufe. Kuridhia ni hali ya moyo. Kiswahili chenyewe hukiri pengo lililopo baina ya mawili hayo kinaposema kwamba fulani alikubali shingo upande. Aliyelala njaa akaonyeshwa shilingi 7,000 amekubali. Kama ameridhia ni jambo la kuthibitishwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye ufahamu wa jambo linaloridhiwa, na katika kifungu cha 32 mzigo wa kuithibitisha umetwikwa anayekusanya data, si mwenye data.

Ikiwa pesa zaweza kuitia dosari ridhaa, ukosefu wa njia mbadala je? Swali hili lilizuka nchini Ujerumani. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliizuia Facebook kuunganisha data ya mtumiaji kutoka WhatsApp, Instagram na tovuti nyingine bila ridhaa yake ya hiari. Kesi ilipofika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, uamuzi wa Julai 2023 ulieleza kwamba kuhodhi soko peke yake hakubatilishi ridhaa, ila ni jambo la kuzingatiwa katika kupima kama ridhaa ilikuwa ya hiari. Kwa mantiki hiyo, ukiritimba si suala la bei tu. Mwanafunzi ambaye ratiba ya mihadhara yake hutumwa katika kundi la WhatsApp pekee anabofya 'Kubali' kwa sababu nje ya kundi hilo hakuna ratiba.

Neno ukiritimba lenyewe lina ncha mbili. Kwa wengine ni kuhodhi biashara. Kwa wengine, hasa Tanzania, ni mizunguko ya ofisi za serikali. Hivyo anayetaka kampuni zidhibitiwe na anayeogopa mkono wa serikali huweza kulalamikia ukiritimba kwa pamoja, kila mmoja akiwa na adui wake. Wa pili naye hana hofu ya bure. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliona kuwa serikali ya Kenya ilianza kutoa kadi za Huduma bila kwanza kufanya tathmini ya athari kwa ulinzi wa data. Kasoro hiyohiyo ndiyo iliyoonekana katika kesi ya Worldcoin.

Sheria ya 2019 iliandikwa kwa Kiingereza. Atakayeitafsiri atalazimika kuchagua kati ya kukubali, idhini na ridhaa mapema sana, katika kifungu cha 2, ambapo istilahi hufasiliwa. Akiandika 'kukubali', aliyesimama kwenye foleni ya KICC hatakuwa na kesi.