KUKUA KATIKA MAOMBEZI: TUNAPOTAJA JINA LA MWENZETU MBELE ZA MUNGU

Somo la robo hii kwa kamati za sharika, vikundi vya maombi na marafiki wa kazi yetu. Masomo: Mwanzo 18:16-33, Marko 2:1-12, Wakolosai 4:12-13.



Vikao vya kamati zetu hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Ukihudhuria vikao vingi kama sisi, kuanzia Muleba hadi Bukoba mjini, utaona kwamba sala hizo zinafanana sana. Tunawaombea wagonjwa, wajane, yatima, viongozi wa nchi na wafadhili wetu walio ng'ambo, kisha tunaingia ajenda ya kwanza. Hatusemi kwamba sala hizo ni bure, maana Mungu husikia hata sala fupi ya mtu aliyechoka. Lakini mtu anaweza kuomba hivyo kwa miaka 20 asikue, kwa sababu anapoomba haoni uso wa mtu yeyote.

Kufanya maombezi ni kusimama mbele za Mungu kwa ajili ya mwingine. Ibrahimu alipouombea Sodoma alikuwa na mtoto wa ndugu yake mle ndani, na bila shaka alimkumbuka. Hata hivyo aliuombea mji mzima, akianza na wenye haki 50 na kushuka hadi 10. Epafra naye, anayetajwa katika barua kwa Wakolosai, alikuwa mtu wa kwao. Aliwaombea kwa bidii watu aliowafahamu. Hapo tunajifunza hatua ya kwanza ya kukua: mjue unayemwombea. Jua jina lake, anakaa wapi, na jambo gani limemlemea wiki hii.

Lakini katika kujua huko ndiko tulikojikwaa, na tungependa tuliseme wazi.

Wasomaji wetu wa hapa wanakumbuka historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera, mwaka 1983. Wakati ule ugonjwa haukutajwa kwa jina lake. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Vibanja vilibaki na bibi na wajukuu. Kanisani tuliomba sana, hilo hatuwezi kukana. Je, tuliombaje?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure, baadhi yetu tulikuwa vijana wa kwaya katika usharika mmoja ambao hatutautaja. Siku moja kwenye kipindi cha maombi cha katikati ya juma, mzee mmoja alisimama akaomba kwa machozi ya kweli. Alimwombea dada yetu "wa nyumba ile ya juu ya kisima", ambaye majibu ya kipimo chake yalikuwa yametoka juzi. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kwa kuwa juu ya kisima kulikuwa na nyumba moja tu. Dada mwenyewe alikuwa ameketi benchi la tatu kutoka nyuma. Mzee alipomaliza, sisi sote tukasema Amina.

Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari. Dada yule alikuwa akiuza maandazi njiani, na wateja wakapungua. Watoto wake wawili hawakuonekana tena shule ya Jumapili kwa muda mrefu. Yule mzee hakuwa mtu mbaya, naye alisikitika hadi alipofariki. Wala halikuwa kosa lake peke yake. Waliokuwa wamemnong'oneza ile habari walikuwemo, na waliosema Amina walikuwemo, nasi tumo.

Aliyetufundisha njia nyingine ni bibi mmoja mjane wa mtaa uleule. Hakusema neno kanisani. Kila Alhamisi alibeba mkungu mdogo wa ndizi au maharage kidogo, akaenda kwenye nyumba ile, akaketi, akamenya ndizi pamoja na mwenye nyumba. Majuma mengi yalipita kabla hajauliza, "Mwanangu, ungependa nikuombee nini?" Jibu lilimshangaza. Dada hakuomba uponyaji kwanza, aliomba mwanawe wa kwanza apate sare ya shule. Bibi akaliombea hilo kwa sauti, mle jikoni, kisha akaenda mwenyewe kwa mzee wa kanisa kutafuta sare bila kueleza ni ya nani. Dada yule yuko hai na anatumia dawa. Huja ibada ya Jumapili na kukaa nyuma. Kwenye kipindi cha maombi cha katikati ya juma hajarudi mpaka leo.

Tunajiuliza tulisahau wapi. Uamsho ulipofika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, ukitokea Rwanda na Uganda, watu walikusanyika kuombeana na kuungama hadharani. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alilelewa katika Kanisa lililoguswa na moto ule. Uamsho ulikuwa na makosa yake, na mivutano haikukosekana. Ila jambo moja ni la kuangaliwa: mtu aliungama dhambi zake mwenyewe. Sisi tumejizoeza kuungama za jirani na kuziita ombi la sala.

Mwezi Machi 2023 tulipewa mtihani mwingine. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Bukoba. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6, akiwemo mhudumu wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa, kila mmoja kwa siku 21. Kuwekea mkono mgonjwa kulikuwa hatari, na kujazana msibani kulikuwa hatari. Wapo waliosema kwamba mwenye imani haogopi. Sisi hatukubaliani nao. Wale wanne walioteremsha mwenzao kwa Yesu kupitia darini walitumia akili na kamba pia, na maombezi hayashindwi na umbali. Aliyeacha chakula na maji mlangoni kwa familia iliyokuwa chini ya uangalizi, akasalimia kwa mbali na kuwaombea njiani akirudi, alifanya maombezi kamili. Vivyo hivyo aliyemkatalia jirani yake kuzisema vibaya familia zile.

Neno kwa rafiki zetu wafadhili. Mara nyingi mnatuandikia, "Tutumieni mambo ya kuombea." Tunashukuru sana. Lakini tuwe wakweli pande zote mbili: ombi la sala lisiwe ombi la fedha lililovikwa kanzu. Tukihitaji mabati tutawaandikia kuhusu mabati. Na tukikataa kuwatumia picha na jina la mtoto anayelelewa na bibi yake, msidhani tunawaficha kazi. Mungu anamfahamu. Nanyi pia tutumieni mambo yenu, maana nasi hatujui tuwaombee nini zaidi ya "wabariki wafadhili wetu". Wako miongoni mwenu wenye upweke, wenye watoto walioacha kanisa, wenye wagonjwa. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, maelfu ya nyumba zilipobomoka au kupata nyufa, mlituuliza habari zetu. Tunataka kuuliza zenu.

Kwa kamati, tunapendekeza zoezi la miezi mitatu. Kila mjumbe achague watu watatu tu, awatembelee, na awaulize wenyewe wanataka kuombewa nini na nani anaruhusiwa kujua. Asiyeruhusu, jina lake libaki kwa mjumbe huyo na Mungu. Mjumbe asiandike habari hizo kwenye daftari la kikao, wala asizitume kwenye kundi la simu. Akiona kwamba ombi lenyewe liko ndani ya uwezo wake, kama kumsindikiza mtu kliniki au kuchota maji, alifanye kwanza, kisha aendelee kuomba.

Mwisho wa miezi hiyo kaeni pamoja, someni Marko 2:1-12, mjadiliane. Hatutaki mtuletee hesabu ya watu mliowaombea. Tungependa kujua kama kuna aliyewaambia mambo ambayo zamani asingewaambia. Na kama katika usharika wenu yuko mtu aliyeacha kuja kwenye maombi kwa sababu ya sala iliyoombwa juu yake, nani kati yenu atakwenda kumtembelea, na lini?