Safari ya Baiskeli Mabondeni

Nchi ya Waha, katika Kibondo na Kasulu, ni nchi ya vilima na mabonde. Msafiri wa baiskeli huko hahesabu umbali tu, huhesabu na vilima. Akifika penye mwinuko mkali hushuka akaisukuma baiskeli yake. Wala si aibu, kwani nguvu alizozitunza asubuhi humfaa jioni.

Chini bondeni hukuta kijito. Wakati wa masika maji huchafuka yakaficha mashimo. Mwenye busara husimama, huwauliza wenyeji, na maji yakiwa na nguvu hungoja. Akiisha kuvuka, huzijaribu breki, maana zikilowa hazishiki upesi, na mteremko wenye mawe haumsamehe mtu.

Akingoja, na atazame maji yale. Vijito vingi vya nchi hiyo huingia Mto Malagarasi. Mto huo huanza karibu na mpaka wa Burundi, huzunguka upande wa mashariki, hupita katika vinamasi vikubwa, kisha hurudi magharibi hata Ziwa Tanganyika. Nao huzunguka, lakini hufika.

MASWALI
1. Kwa nini breki hujaribiwa baada ya kuvuka maji?
2. Mto Malagarasi huishia wapi?