Mtoto Mwenye Selimundu na Wazazi Wake Wawili

Miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali huko Tunduma na katika vilima vya Mbozi. Ndipo mama amwonapo mwanawe wa miezi minane akilia usiku kucha, vitanga vya mikono na nyayo zimevimba, hataki kuguswa. Jirani mmoja asema ni meno. Mwingine anong’ona kwamba mtoto amerogwa, maana alizaliwa mzima. Baba arudipo kutoka mpakani, ndugu zake humwambia kwamba katika ukoo wao jambo hilo halijapata kuonekana, basi limetoka kwa mkewe. Kwa neno hilo wako akina mama waliorudishwa kwao, mtoto mgonjwa mgongoni.

Yatupasa, wazazi wapenzi, kuujua vema ugonjwa huu kabla ya kumhukumu mtu. Jina lake ni selimundu, na nchini mwetu hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Chembe nyekundu za damu kwa desturi ni za mviringo, laini, nazo huishi siku kama 120. Za mtoto huyu hujikunja mfano wa mundu, hukakamaa na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo uchungu wa mifupa utokapo. Tena hufa upesi, baada ya siku 10 hadi 20, na kwa hiyo damu hupungua na macho huwa ya manjano. Katika miezi ya kwanza mtoto hulindwa na damu ya namna ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mamaye. Damu hiyo ikiisha kubadilika, dalili huanza. Hivyo yule “aliyezaliwa mzima” alizaliwa nao.

Je, umetoka kwa nani? Kwa wote wawili. Mtoto hawi mgonjwa wa selimundu kamili kwa urithi wa mama peke yake. Baba na mama waweza kuwa na afya njema, kila mmoja amebeba nusu ya asili hiyo pasipo kujua. Katika kila mimba hatari ni moja kwa nne. Na wakizaliwa watatu wazima, hatari ya wa nne ni ile ile. Wala asiseme mtu kwamba hayo ni maradhi ya watu wa Ziwa au wa pwani. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison alionyesha kwamba aliyebeba nusu hiyo hukingwa kwa kiasi na malaria, ndiyo maana asili hii imeenea palipokuwa na malaria tangu kale. Na Tunduma ni mji wa mpaka: watu wa kila pembe wameoana hapo.

Palipo na shaka, mtoto apimwe damu. Ikiwa hospitali ya karibu haina kipimo, iombwe kumwelekeza hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya. Ni kilometa zipatazo 100, nauli si ndogo, lakini kutojua hugharimu zaidi.

Baada ya hapo huja kazi ya kila siku, nayo si ya mama peke yake. Penisilini asubuhi na jioni hadi atimize miaka mitano, vidonge vya foliki, chanjo zote, chandarua kila usiku, maji ya kunywa mara kwa mara, soksi na sweta kabla ya jua kuchwa. Vidonge vya madini ya chuma asipewe pasipo agizo la mganga. Mwulizeni mganga pia habari za haidroksiyurea, dawa ipunguzayo vipindi vya maumivu.

Neno moja nalisisitiza: homa. Bandama ya mtoto huyu huharibika mapema, kwa hiyo vijidudu vyaweza kumwua kwa muda wa saa chache. Joto likifika digrii 38, apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane. Asiogeshwe maji baridi. Baba na mama wajifunze kwa mganga kupapasa chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikivimba ghafula na mtoto akapauka, msingoje asubuhi. Kadhalika akilegea upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema.

Atakapoanza shule, baba mwenyewe aende kumwona mwalimu. Mtoto huyu apaswa kunywa maji mengi, na figo zake haziwezi kuyazuia kama za wenzake. Ataomba kutoka nje mara nyingi, na nyumbani huenda akakojoa kitandani hata akiwa mkubwa. Wengi wao wamechapwa kwa kosa hilo ambalo si kosa.